Nilimuua Baba kwa Kadi ya Salamu
Sehemu ya Sita

Kwa uliyenikosa wiki jana, mambo kwa ufupi ni haya. Mwaka wa 1983 nilimuua babangu mzazi. Hakuugua, wala hakugongwa na gari. Nilimuua kwa kalamu ya buluu, juu ya kadi ya salamu, nikaitia posta ya Changamwe, na siku kumi baadaye nchi nzima ikasikia.

Miaka ile hukutuma salamu redioni kwa jina ulilopewa na wazazi. Ukijiita Tsuma tu, nani atakujali? Kadi zilifika kwa magunia, na mtangazaji alisoma zile zilizomgusa. Kwa hiyo kila shabiki alijitafutia jina lake, akaunganisha na mtaa wake, na jina hilo likawa ndiyo sura yake kwa maelfu ya watu ambao hawakumwona hata siku moja.

Mimi nilijiita Yatima wa Changamwe.

Mamangu alikuwa amefariki, hilo ni kweli. Babangu alikuwa mzima Lunga Lunga, analima, anakohoa, anagombana na nguruwe mwitu. Kosa lake ni kwamba alioa mke mwingine kabla mikeka ya matanga ya mama haijakunjwa. Nikaondoka kwa hasira, nikapata kazi kwenye kiwanda cha misumari, na nilipoijaza kadi yangu ya kwanza mkono ukaandika wenyewe: Yatima. Roho ikatulia. Siwafichi, nilisikia utamu.

Miaka sita sikukanyaga kwetu.

Wasomaji mlioniandikia kunitukana, barua zenu nimezipata. Mama mmoja wa Bombolulu ameniita mwana laana, kurasa mbili nzima. Subiri kwanza mama, bado hujasikia kitu.

Jina lile lilinipa kila kitu. Lilinipa kundi letu la mashabiki wa salamu, ambalo lilikutana Jumapili uani kwa Nafula, Chaani. Lilinipa Mwanarehema wa Magogoni, aliyenisalimu redioni mara tatu kwa huruma na mara ya nne kwa jambo jingine. Lilinipa hata babake, Mzee Tsofa, ambaye alinikubali kabla hajaniona, kwa sababu yeye mwenyewe alikua bila baba.

"Mtoto aliyelelewa na mikono ya watu namjua," alimwambia mkewe. "Huyo ni mimi."

Alitaka jambo moja tu. Nikija kuposa, nisije na vijana peke yao. Nije na mtu mzima wa kusimama mahali pa baba.

Basi shikeni hapo, twende.

Jumapili moja, wiki tatu kabla ya posa, tumekaa kwa Nafula tunasikiliza salamu. Nafula alikuwa katibu wetu, mpishi wa kantini. Jina lake la redio lilikuwa Mvua ya Saba, kwa kuwa kadi zake sita za mwanzo hazikusomwa, na ya saba ikasomwa huku mvua inanyeshea nguo zake zote kambani. Akakataa kwenda kuzianua mpaka jina lake liishe.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mwangi, karani wa bandarini, mtu wa bara. Yeye alijiita Kuku wa Mwisho. Mamake alikuwa amebaki na kuku mmoja, akamuuza ili mwanawe apate nauli ya kuja Mombasa. Mwangi akaapa kwamba kuku yule lazima ajulikane Kenya nzima, na kweli alijulikana.

Ilikuwa sheria ya kundi letu. Ukija mara ya kwanza, unasimama unatoa kisa cha jina lako. Mimi nilitoa changu kwa machozi, nikasema baba alianguka mnazini. Nafula aliniongezea maharagwe.

Sasa siku hiyo mtangazaji akachukua kadi, akacheka kidogo.

"Kadi hii inatoka kwake Marehemu Hai wa Lunga Lunga. Anamsalimu Yatima wa Changamwe. Wa pili, anamsalimu Yatima wa Changamwe. Na wa mwisho, Yatima wa Changamwe. Ujumbe wake anasema: kikohozi kimepungua, huku niliko hakuna baridi."

Chai ikanipalia.

"Jamani!" Nafula akapiga kofi. "Mtu ana jina huyo! Yatima, unamjua?"

"Simjui," nikasema. "Pengine ni mwendawazimu."

"Wendawazimu ndio mashabiki wazuri," akasema Mwangi. "Hiyo jina imenipiga. Marehemu Hai! Mimi namtaka hapa."

Wiki ya pili kadi nyingine ikasomwa. Marehemu Hai anamsalimu Yatima, ujumbe wake: mbona kaburini sikuoni? Kundi zima lilicheka mpaka likashika mbavu. Mimi nilicheka kuliko wote, maana ungefanya nini?

Usiku sikulala. Lunga Lunga mtu wa kikohozi namjua mmoja, na kucheza na maneno hivyo ndiyo tabia yake. Ila baba hakuwa na redio. Baba aliichukia redio.

Nikasema, akiandika na aandike. Kadi haina miguu.

Jumapili ya posa nikafika kwa Nafula asubuhi, shati jipya, kanzu nimeikunja kwapani. Uani watu wamejaa. Kwenye kigoda amekaa mzee, amenipa mgongo, anakula mahamri.

Mgongo ule niliujua kabla miguu yangu haijasimama.

"Yatima!" Mwangi akaita. "Kuja usalimie mgeni. Huyu ndiye Marehemu Hai mwenyewe! Nilimwandikia barua kwa anwani yake iliyosomwa redioni, nikamwambia Yatima wetu anaposa leo, na hakuniangusha. Ametoka Lunga Lunga na gari la kwanza."

Baba akageuka. Alikuwa amekonda. Kofia aliyovaa ni ile ya Ijumaa, aliyofuliwa na mama siku zote, na sasa imefuliwa na mwingine, nayo ilikuwa safi. Macho yake yakapita usoni kwangu kama anayesoma jina juu ya bahasha.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu."

Kila mzee wa Pwani humwita kijana mwanangu. Kwa hiyo hakuna aliyeshtuka, isipokuwa mimi.

"Haya mzee," Nafula akasema, "sheria ni sheria. Kisa cha jina lako."

Baba akafuta mikono, akasimama. Magoti yakalia.

"Mimi sikuwa na haja na redio," akaanza. "Redio ni ya mke wangu, Mwanatabu. Siku moja nimekaa nakula muhogo wangu, nikasikia humo redioni kwamba nimekufa."

Ua mzima ukacheka.

"Mke wangu akanitazama. Akaniuliza, 'Mwenzangu, kama umekufa, ile chai ya asubuhi amekunywa nani?' Nikamwambia hata mimi sijui. Nikangoja siku tatu niletewe sanda, haikuja. Nikaona basi, nikishakuwa marehemu heri niwe marehemu mwenye adabu, anayetoa salamu kwa watu. Nikaenda dukani nikanunua kadi."

Watu walipiga makofi, wengine wanafuta machozi. Tangu kundi lianze hapakuwahi kutolewa kisa kilichopendwa hivyo.

"Lakini ni nani alitangaza hiyo uongo?" akauliza Mwangi.

Baba akalitazama hamri lake. "Mtu anijuaye. Alikuwa na sababu yake."

"Hana adabu!" Nafula akawaka. "Mtu kama huyo mimi ningemchapa hadharani, mtu mzima vile vile alivyo. Au siyo, Yatima?"

"Kweli," nikasema. "Achapwe."

Baba akaketi, akamalizia mahamri yake.

Nilijua ni lazima niseme. Nilijua hapo hapo, wala sitafuti visingizio. Nikapanga nimvute Mwangi kando, nimweleze, posa iahirishwe kwa ugonjwa, tumbo, malaria, chochote. Lakini Mwangi alikuwa ameshasimama kwenye kiti, na Mwangi akisimama kwenye kiti hukupati nafasi.

"Sikieni! Leo tunampelekea Yatima posa Magogoni. Mzee Tsofa anataka mtu mzima. Mkubwa hapa ni mimi, na mimi ni mtu wa kanisa, hata fatiha siijui. Sasa Mungu ametuletea mzee Mwislamu, ndevu nyeupe, kofia, kila kitu. Marehemu Hai, utasimama kama baba ya Yatima?"

Wote wakashangilia. Baba akanigeukia.

"Kijana mwenyewe anataka?" akauliza.

Macho yote kwangu.

Wallahi nilifungua mdomo nikitaka kusema ukweli. Nikamfikiria Mwanarehema. Nikamfikiria Mzee Tsofa na yale maneno yake. Nikasema, "Nataka."

"Basi nitajaribu. Ila mnisamehe nikikosea. Kazi hiyo sijaifanya miaka sita."

"Ulikuwa na watoto?" Nafula akamuuliza kwa upole.

"Mmoja."

"Pole, mzee."

"Nimeshapoa," akasema baba.

Tukatoka watu wanane. Tulipanda matatu, tukashuka kituo cha Ziwa la Ng'ombe tukamalizia kwa miguu, na njia nzima baba alitembea mbele na Mwangi, akiulizwa habari za mihogo. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Mimi nilitembea nyuma na barua ya posa, ambayo Mwangi aliiandika kwa mwandiko wa bandarini, na mahali pa jina la mposaji akaandika Yatima wa Changamwe.

Kwa Mzee Tsofa tulitandikiwa mikeka. Wanawake walikuwa chumbani nyuma ya pazia, na mara moja nikasikia kikohozi kidogo ambacho Mwanarehema hukitoa akitaka nijue yupo.

Mwangi akataka kuanza yeye, kama mwenyekiti.

"Wazee wangu," akasema, "sisi tumekuja hapa kwa sababu mbuzi yetu imepotea, na tumeona nyayo zake zimeingia kwa boma yenu."

Mzee Tsofa akamtazama. "Mbuzi gani, bwana? Hapa hatufugi mbuzi."

"Si mbuzi ya kweli."

"Ni mbuzi wa uongo?"

Nyuma ya pazia kicheko kikapasuka. Mwangi akaniangalia kuomba msaada, jasho linamtoka. Huko kwao ndivyo waposavyo, na kila mtu huelewa. Magogoni walidhani tumekuja na kesi ya wizi.

Baba akainua mkono. "Niachieni, bwana mwenyekiti."

Akasogea mbele ya mkeka.

"Assalaam alaykum. Mimi ni Mwidani Boga, wa Lunga Lunga. Nimekuja na kijana huyu. Sikumlea kama nilivyotakiwa kumlea, nasema kweli. Mamake alipofariki nilipaswa kukaa naye, tulie pamoja, nami nikakimbilia kujiliwaza. Kijana akabaki peke yake na msiba wake. Amejilea mwenyewe. Hanywi, hachezi kamari, kazi yake anaiamkia. Hayo nimeyauliza kwa watu, nimeambiwa. Kama mna binti, mpeni. Atamtunza. Anajua ilivyo mtu kuachwa."

Mwangi alidhani ni ufundi wa kuongea tu, nikamwona anatikisa kichwa kwa kupendezwa.

Mimi nilikuwa nahesabu milia ya mkeka ili nisilie. Miaka sita nilingoja mtu huyu aseme maneno hayo. Sasa ameyasema, na ameyasema kama mgeni, kwa sababu mimi ndiye niliyemfanya mgeni.

Mzee Tsofa akafuta macho kwa ncha ya kikoi, bila kujificha.

"Mzee Mwidani," akasema, "umesema kama babake hasa. Mwenyezi Mungu akulipe. Mimi babangu simkumbuki hata sura. Nilipooa hapakuwa na mtu wa kunisemea hivyo. Binti nimetoa."

Vigelegele vikalia chumbani. Nafula akanipiga begani. Nikasema moyoni, Tsuma, umepona. Umeponea kwenye tundu la sindano.

"Ila," akasema Mzee Tsofa.

Vigelegele vikakatika.

"Sisi hapa nyumbani hatutaji siku ya nikahi mpaka tumewakumbuka waliotangulia. Tunakwenda makaburini, tunasoma hitima, tunawaombea, tunawapa habari kwamba mtoto anaoa. Hilo kwangu ni kubwa kuliko mahari. Babangu mimi kaburi lake sikulijua. Siwezi kumwoza binti yangu kwa yatima nikapita bila kusimama penye kaburi la babake." Akanigeukia. "Kaburi liko wapi, mwanangu?"

Nikamtazama Nafula.

"Alianguka mnazini," Nafula akanisaidia. "Huko kwao."

"Najua, binti. Nauliza kaburi."

"Lunga Lunga," akasema baba. "Kwetu ni huko huko. Ijumaa hii njooni, baada ya sala. Nitawaonyesha mwenyewe."

"Unalijua?"

"Hakuna alijuaye kunishinda."

Mzee Tsofa akaridhika. Mikono ikainuliwa, fatiha ikasomwa, na Mwangi naye akainua mikono yake ya kanisa akasema amina yenye nguvu kuliko wote. Sharubati ikaletwa. Mimi niliimeza kama dawa ya minyoo.

Wenzangu wakatangulia barabarani, wanaimba. Nikabaki barazani na baba, anavaa viatu. Ni mara ya kwanza tuko wawili.

"Baba," nikasema kwa sauti ya chini.

"Babako nani? Babako alianguka mnazini."

"Nilikuwa na hasira."

"Nami nilikuwa na upweke. Nyumba ile, mamako hayumo, nilisikia kama imeniingia kifuani. Nilifanya haraka, nakubali. Nilikuja Changamwe mara mbili kukutafuta. Kiwandani nilimkuta mlinzi, nikamwambia namtaka Tsuma, mimi ni babake. Akanicheka. Akasema Tsuma yule wa redioni hana baba, Kenya nzima inajua."

Nikainama, nikamsogezea kiatu cha pili.

"Mbona basi umenisitiri mle ndani?" nikauliza. "Ungesema neno moja tu."

"Sikuja kukuumbua. Nilipopata ile barua ya mwenyekiti wenu nikasema, mwanangu anaposa, nami nitakwenda hata kama ni kwa jina la bandia." Akaingiza mguu kwenye kiatu cha pili. "Na kaburi nitawaonyesha. La mamako, ambalo hujalipalilia tangu uondoke. La pili utaniambia wewe lilipo."

"Nipe mpaka Alhamisi. Nitamweleza Mzee Tsofa taratibu, nimtafute pembeni. Wallahi baba, nitamweleza."

"Miaka sita umekuwa ukienda taratibu," akasema.

Nilitaka kumjibu, lakini mlango ukafunguliwa. Mzee Tsofa akatoka na daftari la shule na kalamu, uso wake umejaa furaha.

"Afadhali hamjaondoka," akasema. "Nimeona mbona tungoje Ijumaa? Mwalimu wa msikiti wetu ni rafiki yangu. Leo hii, baada ya Alasiri, ataanza kumwombea babako, safu nzima tuitikie. Nami ndiye nitakayelisoma jina lake. Nimetafuta kwenye barua yenu nimekuta mmeandika Yatima tu, na marehemu haombewi kwa jina la redio."

Akafungua daftari juu ya goti.

Kwenye dirisha pazia likasogea. Mwanarehema alikuwa amesimama hapo dirishani, mkono mdomoni, ananitabasamia. Babake alikuwa hajawahi kumfanyia mtu yeyote jambo kama hilo, na yeye alilijua.

Nikakumbuka kwamba jina la babangu Mzee Tsofa ameshalisikia, nusu saa tu iliyopita, kutoka kwa mwenyewe. Nikilitaja, yote yatafahamika hapo hapo. Nikitaja jingine la kubuni, safu nzima ya waumini itamwombea mtu ambaye hajapata kuzaliwa, na nitakuwa nimemkana babangu mara ya pili, safari hii mbele ya macho yake.

"Haya, mwanangu," akasema Mzee Tsofa, kalamu imegusa karatasi. "Tsuma bin nani?"

Baba alikuwa ameinama anafunga kiatu. Akaziacha kamba, akainua uso, naye akangoja jibu.